Huyu ni Angora, haliwi

Naanza na hiyo ju najua itaulizwa tu. Mtu akipita nyuma ya saluni akaona kizimba, akaona ndani kitu cheupe hakina mbele wala nyuma, swali ni moja, "huyu mnamchinja lini?" Kijana wa kuleta maji ameuliza, wateja wameuliza, hadi pasta aliyekuja kuombea biashara aliuliza, tena kabla ya maombi. Hapa Nairobi sungura ni nyama ama ni mkojo wa kupulizia sukuma wiki, hiyo kazi yake ya tatu wengi hawaijui. Sasa mi hufuga wa hiyo kazi ya tatu. Sungura wa Angora, wale wa manyoya marefu, unavuna manyoya, unasokota uzi, unafuma, na mwenyewe anabaki hapo anatafuna nyasi yake mengine yakiota.

Kazi yangu ni nywele. Nasuka watu huku Uthiru, kwa hivyo siku nilipomwona Angora kwa jamaa mmoja anayefuga huko Limuru, mi sikuangalia masikio wala macho kama wenzangu, niliingiza vidole ndani nikaanza kutafuta ngozi. Unaenda, unaenda, bado hujafika. Nikajua huyu tutaelewana.

Acha niwaambie kwanza kuhusu hayo manyoya yenyewe maana hapo ndipo utamu uko. Unywele wa binadamu una unene wa kama maikroni 50 hadi 100 (maikroni elfu moja ndio milimita moja), hata ule laini wa mtoto ukilinganisha na huu utauona ni kamba, ju wa Angora uko kwa maikroni 12 hadi 16 hivi. Halafu ndani si mzima, una vijumba vidogo vidogo vya hewa, na hiyo hewa ndiyo inafanya uwe mwepesi na uwe na joto kuliko sufu ya kondoo. Lakini una kasoro yake. Haunyumbuliki. Sufu ya kondoo ukiivuta inarudi, hii ukiivuta inabaki hapo hapo, ndiyo maana sweta ya Angora tupu baada ya muda inaninginia magotini na ukiivaa kwa matatu ya saa kumi na moja jioni utashuka kabla ya stage yako kwa joto. Watu wenye akili huichanganya na sufu ya kondoo, Angora ikiwa asilimia 20, 30 hivi, na bado mkono utaisikia tu.

Na kabla hujaniambia una sweta ya Angora ya mitumba, soma lebo. Kwa masoko ya Gikomba na Toi ziko kibao zimeandikwa "angora" na asilimia ndogo, zilizobaki ni nailoni na akriliki. Na ikiandikwa mohair hiyo ni ya mbuzi. Kuna mbuzi pia anaitwa Angora, wote wawili walipewa jina la ule mji wa Uturuki ambao siku hizi ni Ankara, sasa mbuzi ndiye anatoa mohair na sungura ndiye anatoa angora. Nimeshabishana na muuza sweta mmoja pale Toi mpaka akaniambia mama chukua ama uache, nikaacha.

Hawa sungura si wageni duniani. Miaka ya 1700 kule Ufaransa walikuwa wanafugwa na watu wa ikulu kama wanyama wa kubembeleza, na baadaye ndipo zikatoka aina mbalimbali. Marekani wanatambua nne rasmi: English, French, Satin na Giant, halafu Wajerumani wana wao wenyewe. English ndiye yule wa picha, nywele hadi kwa uso na masikioni, mdogo wa kilo mbili unusu hadi tatu na kitu, mrembo sana na mateso matupu, ju ukikosa kumshughulikia hata muda mfupi ameshajifunga mafundo. French uso wake ni safi, na katikati ya yale manyoya laini ana nywele ndefu ngumu kidogo ambazo husaidia yasishikane. Satin anang'aa. Giant na Mjerumani ni wakubwa na hawapukutishi manyoya wenyewe, hao ni mkasi tu. Wangu ana damu ya French, naona kwa uso, naona pia kwa vile anashikwa na mafundo nyuma ya masikio na kwapani lakini mgongo unakaa sawa. Tumemwita Kamzee kwa sababu ya zile ndevu za chini ya kidevu, uso wenyewe ni safi. Kuna na wa kike, Njeri, yeye hana subira hata kidogo na nitawaambia.

Sasa kazi. Ukisikia mtu anasema sungura ni kazi rahisi, unampa maji na majani halafu unaenda zako, huyo anafuga wale wa nyama. Angora unamshika. Mara moja kwa wiki angalau, mara mbili ikiwezekana, na si kumpiga picha, ni kumpitia sehemu moja moja. Mi hutumia blo drai ya saluni lakini bila moto, hewa baridi peke yake, napuliza kuanzia mgongoni kuelekea kichwani, manyoya yanafunguka mduara unaona ngozi ya pinki chini, unaona mba kama iko, unaona utitiri kama wako, vumbi na nyasi zinaruka zote. Hewa inafanya kazi kuliko brashi, brashi inang'oa manyoya ambayo bado ulikuwa unayataka. Fundo ukilipata usilivute, lishike pale kwa ngozi na vidole viwili ndio maumivu yasifike, halafu ulifungue kutoka nchani ukirudi ndani. Hiyo hata wasusi wa watu wangejifunza, kuna wenye huanza kwa mizizi mtu analia machozi.

Siku ya kuvuna yenyewe ndiyo mi hupenda. Kwa hawa wa kupukutisha inafika kila baada ya miezi mitatu hivi, minne, unajua tu imefika ju unaanza kuona vishungi vinaning'inia kwa waya na chai yako ina nywele. Nafunga saluni mapema, nazima feni, nafunga madirisha, napangusa lip gloss yote mdomoni maana ukiacha utakula manyoya jioni nzima. Nakaa kwa kistuli, taulo magotini, Kamzee juu ya taulo akiangalia mlango. Mkono wangu wa kushoto unatandaza ngozi, wa kulia unashika kifungu kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada, unavuta polepole kuelekea mkiani. Kama yameiva yanakuja yenyewe, hata nguvu hutumii, na chini yake unakuta manyoya mapya yameshaanza kuota, sungura habaki uchi. Yakikataa, unaacha. Hapo hakuna mjadala. Unarudi baada ya siku chache ama unachukua mkasi.

Kamzee akistarehe anasaga meno taratibu, unaisikia kwa magoti kabla ya kuisikia kwa masikio, hiyo ndiyo furaha ya sungura. Lakini ule msago wa nguvu, wenye kelele, na mwili umejikunja, huo ni wa maumivu na unampeleka kwa daktari. Njeri yeye anakaa muda kidogo tu halafu anapiga mguu wa nyuma chini, pap, ameshachoka na wewe, namrudisha namaliza upande wa pili kesho yake, anatembea Uthiru amenyolewa nusu na hajali.

Unavyovuna unachambua hapo hapo. Ya mgongoni na ubavuni, marefu na safi, sentimita sita, saba hivi, yanaenda kwa katoni ya viatu yamelazwa mwelekeo mmoja bila kushindiliwa. Ya shingoni na mapajani katoni nyingine. Ya tumboni na miguuni, mafupi na yenye madoa, hayo ni ya kujazia vitu. Na usiyaguse na mikono iko na maji, haya manyoya yakipata unyevu, joto na msuguano yanashikana yanakuwa kitambaa kigumu na hakuna kemikali ya saluni itayafungua, niamini, najua kemikali zote.

Kuna video ilitoka 2013 kutoka China, watu wa kutetea wanyama walirekodi sungura wamefungwa wananyofolewa manyoya kwa nguvu wakipiga kelele. Ile ilizunguka dunia nzima, kampuni kubwa za nguo Ulaya, H&M mojawapo, zikaacha kuchukua angora, na China ndiko sehemu kubwa sana ya angora ya dunia inatoka. Kila nikipost Kamzee lazima mtu aniletee hiyo video. Nawaelewa, mi mwenyewe siwezi kuimaliza. Tofauti ni kwamba pale wanavuta manyoya hayajaiva, kwa mnyama asiyepukutisha, wakikimbizana na kilo. Sungura ni mnyama wa kunyamaza, hana kelele maisha yake yote, kwa hivyo ukisikia amelia jua umemfikisha mahali pabaya sana. Na si mara ya kwanza binadamu kuaibika kupitia huyu mnyama. Wakati wa vita vya pili vya dunia SS ya Wajerumani, lile jeshi la chama cha Hitler, ilifuga Angora ndani ya kambi za mateso, Dachau na Auschwitz zikiwemo, manyoya yakaenda kwa nguo za wanajeshi. Mwandishi mmoja Mmarekani, Sigrid Schultz, alipata albamu ya picha zao 1945, sungura wamewekwa vizuri, safi, wanashikwa kwa upole, na upande wa pili wa ukuta watu wanakufa njaa. Nilisoma hiyo nikakaa kimya sana siku hiyo.

Turudi kwa chakula, maana hapa ndipo wengi hupoteza wanyama wao. Sungura akijilamba anameza manyoya, kila sungura, lakini huyu anameza marefu. Na sungura hawezi kutapika. Paka atakohoa mpira wa nywele kwa kapeti yako, sungura hana hiyo njia, yakikwama tumboni utumbo unasimama, anaacha kula, mavi yanakuwa madogo madogo ama yameunganishwa na unywele mmoja, ukiona hivyo siku hiyo hiyo tafuta daktari wa mifugo. Dawa kubwa ya kuzuia ni hei, nyasi kavu, nyingi, mchana na usiku, mi hununua boma rhodes kwa beli. Peleti kiasi tu. Mukengeria anaipenda na inaota hapa kila mahali bure, lakini naianika kwanza inyauke. Kabeji sitoi. Na maji asikose hata saa moja, nimeweka chupa ya chuchu ju bakuli anatumbukiza ndevu zinaanza kuoza.

Sakafu ni waya, mkojo upite chini kwa mtungi. Na hapa niseme ukweli wa biashara yangu: mkojo una soko kuliko manyoya. Mkulima wa sukuma atapiga simu Jumapili asubuhi kuuliza kama mtungi umejaa. Wa manyoya hajawahi kunipigia Jumapili.

Hali ya hewa yetu inamfaa. Nairobi tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na huku Uthiru, Kikuyu, Limuru ukipanda unazidi kusikia baridi. Julai sisi tukijifunika maboshori yeye ndio anacheza. Shida yake ni joto. Kuanzia digrii 30 hivi Angora yuko hatarini, hatoi jasho kama sisi, anategemea masikio kupunguza moto. Januari na Februari naweka chupa ya soda iliyogandishwa kwa frija, nimeizungushia kitambaa, anailalia. Dada yangu yuko Mombasa akaniomba mmoja wa watoto wa Njeri nikamwambia dadangu nakupenda, lakini huyo sungura hapana.

Watoto nao wana mambo yao. Mimba ni kama siku 31, wanazaliwa bila hata unywele mmoja, mama anajing'oa manyoya kifuani anawatandikia. Kwa sungura wa kawaida hiyo ni nzuri kabisa, kwa Angora lazima uchungulie, ju manyoya marefu yanaweza kumzunguka mtoto mguuni ama shingoni yakamkaza. Mi nikimaliza kuhesabu watoto natoa yale marefu, naacha mafupi na kuongeza hei laini. Njeri hunitazama kwa dharau lakini ananiachia.

Kusokota nimefundishwa na shosho mmoja jirani yetu, zamani alikuwa anafuma sweta za shule kwa mashine. Nilimpelekea katoni ya kwanza, akatia mkono, akautoa, akatia tena. "Wewe msichana," akaniuliza, "hii ni nywele ama ni moshi?"

Nikamwambia, "Ni ya sungura, shosho."

"Yule unakataa kuchinja?"

"Huyo huyo."

Akanyamaza, akachukua kidogo akakisugua kwa shavu. "Basi usimchinje."

Hatuna gurudumu la kusokotea, tunatumia kijiti kimepitishwa kwa CD mbili za gospel ambazo hazichezi tena, juu tumepiga ndoano ndogo. Unazungusha kijiti kinaning'inia, kinashuka kikivuta manyoya mkononi, na hapa siri ni kusokota kwa nguvu kuliko unavyofikiri, ju hii nyuzi inateleza, ikisokotwa kilegevu inaachana. Shosho anachanganya na sufu ya kondoo, anachana zote pamoja kwa brashi mbili za mbwa, tunasokota uzi mmoja mmoja halafu tunaunganisha miwili. Unapofuma bado ni uzi tu wa kawaida, ni baada ya kuoshwa na kuvaliwa vaa ndipo ule ulaini unatoka nje, manyoya yanasimama. Mteja wa kwanza aliyenunua marvin, ile kofia ya kufuma, alirudi kunionyesha, akadhani imeharibika.

Haya, pesa, maana najua wengine mmesoma mkiruka hadi hapa. Marvin moja inakula kama gramu 60 za uzi na theluthi ndiyo Angora. Mjerumani aliyezalishwa kwa hii kazi anaweza kutoa kilo nzima na zaidi kwa mwaka, English hafiki nusu, wangu wako karibu na English. Kwa hivyo manyoya yapo. Kisichokuwepo ni mikono. Kuvuna, kuchambua, kuchana, kusokota, kuunganisha, kuosha, kufuma, marvin moja ni jioni nyingi sana, na mi nauza elfu tatu na watu wanaona ni ghali ju pale nje kuna za mia mbili. Kiwanda cha kuchukua manyoya ghafi kwa kilo hapa Nairobi mi sijakutana nacho. Ukinunua Angora unanunua pia kazi ya kusokota, ama umtafute shosho wako.

Nasema haya ju nimeanza kuona mahali watu wanapigiwa hesabu. Sungura mmoja mara manyoya mara mwaka mara bei ya Ulaya, nunua kumi uwe milionea. Jamani, kwani mmesahau kware? 2013 kuingia 2014 mayai ya kware yalikuwa yanatibu kila kitu, watu wakachukua loni wakajenga vibanda, miezi michache baadaye kware hana mnunuzi. Hata sungura wenyewe, tulishaambiwa nyama yao itanunuliwa kwa mikataba, tukaachiwa wanyama. Aliyepata pesa ni aliyeuza wazazi na vizimba. Akikuja wa Angora, muulize kitu kimoja tu, akuonyeshe uzi. Si sungura, si karatasi, uzi aliousokota na mtu aliyeununua. Atahema.

Kama bado unamtaka, na najua mko, basi mtafute French badala ya English, mkubwa kidogo badala ya kachanga ili uone manyoya yake kamili, na umwone kabla hajavunwa si baada, mtu akivuna ndio akuite ujue anaficha mafundo. Ingiza vidole nyuma ya masikio na kwapani. Angalia ndani ya sikio kama kuna magamba ya kahawia, huo ni utitiri. Angalia nyayo kama zina vidonda. Mgeuze umwangalie meno. Ongea na lendilodi mapema, wangu alikubali kwa sababu mke wake alipewa mkojo wa kunyunyizia waridi zake.

Njeri atazaa tena mwezi ujao Mungu akipenda na watakaotaka watoto wataniandikia inbox kama kawaida. Wawili wameshaahidiwa. Kwa waliobaki, nitakuuliza hei unanunua wapi kabla sijakutajia bei, na ukiniambia utamlisha maganda ya viazi hatutaendelea.